Aliambiwa Weka, Hakuambiwa Kula

Maneno ya kumuaga Bawabu Marijani bin Sadallah, yaliyoandikwa kwa karatasi ya sherehe ya watumishi, Hoteli ya Minazi Mirefu, Barabara ya Pugu

Jumamosi hii, tarehe 29 Juni 1957, Marijani bin Sadallah anavua kofia ya ubawabu aliyoivaa kwenye lango letu tangu mwaka 1929. Wako watu humu hotelini waliozaliwa, wakaenda jando, wakaoa na wakaachika ndani ya miaka hiyo, naye yupo pale pale langoni, kanzu nyeupe, kofia nyekundu, mgongo umenyooka kama mnazi ambao haujapandwa na mgema.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mie, Nassibu, mkuu wa meza, na sababu ni mbili. Ya kwanza, katika watumishi wote wa hapa mie ndiye niliyetembea. Bombay naijua, Adeni naijua, Durban naijua mpaka vichochoro ambavyo wenyeji wake wanavikwepa. Ya pili, mie Mnyamwezi na yeye Mzaramo, na kwa utani wa makabila yetu, nikimwandika vibaya hana pa kunishitaki. Shuleni sikukaa sana, mwalimu na mie tulichokana mapema. Basi msomaji akikuta herufi imelala upande, aiinue mwenyewe aendelee na safari.

Marijani ni mtu wa Kisarawe. Alikuja mjini kijana, akapanga chumba Temeke, akaajiriwa na Bwana Kosta, Mgiriki wetu, kufyeka vichaka palipokuwa panajengwa hoteli. Kazi ya ubawabu hakuiomba. Siku ya kwanza ya kupokea wageni, motokaa ya mzee mmoja mwenye shamba la mkonge ilizama mchangani mbele ya lango, mvua inanyesha. Marijani alitupa panga, akasukuma gari peke yake, akafungua mlango, akamfunika yule mzee kwa jani la mgomba mpaka barazani, asilowe hata bega. Mzee akamwambia Bwana Kosta kwamba hoteli yake ni ya kawaida lakini bawabu wake ni wa kifalme. Bwana Kosta bawabu hakuwa naye. Kesho yake akatuma mtu mjini akanunue kofia.

Sasa niingie kwenye habari ya bakshishi, maana huwezi kumweleza Marijani bila kuieleza bakshishi.

Msafiri anapofika nchi ya watu hubeba mzigo mmoja ambao hamali hawezi kumsaidia, nao ni kutojua kutoa. Kila nchi ina adabu yake. Bombay unaacha chini ya kisahani na unaondoka bila kugeuka nyuma. Adeni utaombwa kabla ya kuamkiwa. Durban kuna hoteli niliyoona mgeni akitoa bakshishi kwa mlango, kwa kuwa ulijifungua wenyewe na yeye alidhani yupo mtu nyuma yake. Na kwetu pwani kutoa kuna jina. Harusini kuna kifungua mlango, kuna kiosha miguu, kuna kipa mkono. Fundi akimaliza kukufunza unampa kilemba chake. Hatutoi kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Tunatoa mkono wa kulia, kwa neno lake, na anayepokea anajua amepewa nini.

Wageni wengi hawayajui hayo, na wapo waliokuwa wakitupa senti mchangani kutoka dirishani mwa gari, kama mtu anayelisha kuku. Wengine sie tuliziinamia tukaziokota, tukashukuru. Marijani naye aliziokota. Kisha alizifuta vumbi kwa upindo wa kanzu, akalifuata gari polepole mpaka lisimame, akazirudisha kwa mkono wa kulia na kusema, "Bwana, imekudondoka." Hakusema zaidi. Sijaona mgeni aliyeyasikia maneno hayo akatupa tena. Wote walitoa upya, mkononi, na wapo walioshuka garini kwanza.

Sie wadogo zake alitufunza kwa ukali kidogo. Ukipewa, usiangalie ulichopewa mbele ya mtoaji. Usitie mfukoni kwa haraka kama mwizi wa ndimu. Ukishabeba mzigo wake ukamaliza, ondoka. Usimzungukezunguke, maana mgeni hasindikizwi kama jeneza. Na akikupa kidogo, mshukuru kama aliyekupa kingi, kwa sababu hujui nyumbani kwake ameacha nini.

Bakshishi ya lango lake ilipotea njia mara moja tu ninayoikumbuka, na kosa halikuwa lake. Bibi mmoja aliyeshuka melini alimkuta Bwana Kosta mwenyewe langoni amebeba kiti, akamtia thumuni mkononi. Sie tukaganda. Bwana Kosta akaitazama ile thumuni, akainama, akashukuru kwa Kigiriki, akaitia mfukoni. Tukamwambia Marijani aende akaidai, kwani lango ni lake. Akasema aliyebeba kiti ndiye aliyelipwa, na Bwana Kosta anaitaka zaidi kuliko yeye.

Haya, yale ya kuchekesha yameisha. Yanayofuata ndiyo yaliyonifanya nikubali kuandika.

Mwaka 1938 alikuja mgeni tuliyemwita Bibi Peniki. Jina lake la kwenye maandishi silijui, nalitaja lilivyotuingia masikioni. Mwanamke mrefu, mwembamba, kichwa chake cheupe kabla ya wakati, aliyekuja nchini kuchora maua. Alikuwa amejifunza Kiswahili ndani ya meli, kutoka kijitabu, na alikitoa kwa ujasiri mkubwa. Alikuwa akiwaamkia shikamoo watoto wachanga. Ulimi wake haukulimudi jina la Marijani hata kidogo, likageuka kila siku kuwa kitu kingine, mwishowe akaamua kumwita Bawabu, basi.

Homa ikamlaza. Ilikuwa homa mbaya, daktari alikuja na kutoka akitikisa kichwa. Kumhudumia mgonjwa haikuwa kazi ya bawabu, alikuwepo mtumishi wa vyumba. Lakini Marijani ndiye aliyeona kwamba yule bibi anaumwa maradhi mawili, homa na kukosa maua. Basi kila asubuhi akitoka Temeke alipitia mabonde ya Yombo, akavua viatu, akaingia kwenye maji, akamchumia yungiyungi na majani mengine ambayo sie hatukuwa hata na majina yake. Akiyafikisha, anayaweka kwenye glasi dirishani. Bibi Peniki akawa anachora akiwa kitandani, mkono unatetemeka, na siku mkono ulipoacha kutetemeka daktari naye akaacha kutikisa kichwa.

Siku ya kuondoka kwake nilikuwepo. Gari linanguruma, mizigo imepakiwa. Akamwita Marijani kando, akatoa leso yake ya mkono, nyeupe, iliyofumwa ua la buluu pembeni, imefungwa fundo, na ndani yake zimekaa noti. Akaikandamiza kiganjani mwake kwa mikono yake miwili, machozi yamemlengalenga. Akamwambia, "Weka, Bawabu. Weka." Akapanda gari akaenda zake.

Mie nilikuwa nacheka kwa furaha. Nikampiga Marijani begani nikamwambia hiyo ndiyo bakshishi ya mwaka, leo Temeke watakula kuku. Akanitazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni.

"Kaniambia weka," akasema. "Hakuniambia kula."

Nikamweleza, mie niliyetembea, kwamba Wazungu wakisema weka maana yake chukua, iwe yako, ni Kiswahili chao cha jikoni. Akaniuliza kama nilimsikia yule bibi akisema "yako." Sikumsikia. Akaniuliza mtu akikupa fungu lake akakwambia weka, Kiswahili gani kitakuruhusu ulifungue.  Akaenda nalo Temeke, akampa mkewe Zuena alitie chini kabisa ya sanduku la nguo. Amana imeingia nyumbani. Fundo halikufunguliwa, wala hakuna aliyejua ndani mna kiasi gani.

Wasomaji vijana mnaweza kuona ni jambo jepesi. Lilikuwa jepesi mwaka wa kwanza. Kisha ikaja masika iliyobomoa ukuta wa nyumba yao, wakalala upande mmoja kama kuku wa kufungiwa, na leso ipo. Ikaja vita, mchele ukawa wa kupanga foleni, na leso ipo. Binti yao Tabu akaugua tumbo, ikabidi akodiwe gari na zinunuliwe dawa, na Bi Zuena akavua bangili zake za fedha, za harusi, akaziuza kwa sonara wa mtaani. Nilipolisikia hilo nilikwenda Temeke nikamfokea Marijani mbele ya mkewe, kwamba anamlinda mwanamke wa Ulaya na kumwacha wake mkono mtupu. Bi Zuena ndiye aliyenitoa mlangoni. Aliniambia, shemeji, nenda nyumbani, mkono mtupu si mzigo. Tabu alipona, sasa ameolewa Kibamba, ana wanawe. Lakini mie na Marijani hatukusemezana siku nyingi, mpaka siku ya pochi.

Siku ya pochi ilikuwa mwaka 1943. Bwana mmoja muuza mashine za mkonge, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa naye alijuta, aliamka akakosa pochi yake. Akasema mtu aliyemsogelea jana ni bawabu, wakati wa kumfungulia mlango wa gari. Polisi wakaja, wakiongozwa na Sajini Theonest, mtu wa Bukoba, mpole wa sauti na mgumu wa macho. Wakaenda Temeke kupekua, wakarudi na leso ya mwanamke wa Kizungu yenye ua la buluu na noti ndani.

Marijani akasimamishwa barazani. Mie nilikuwa nahudumia meza ya yule bwana, hatua chache kutoka hapo, kwa hiyo ninachoandika nimekisikia kwa masikio haya.

Sajini hakuwa mjinga. Alilishika lile fundo, akalijaribu kwa kucha, limekauka kama la kamba ya kisima. Akasema fundo hili halikufungwa juzi wala mwaka jana, kwa hiyo si pesa za bwana huyu. Lakini leso ni ya Mzungu na nyumba ni ya bawabu, basi lazima ipo habari. Akamuuliza Marijani ndani mna kiasi gani. Akajibu hajui. Akamuuliza ni za nani. Akajibu za Bibi Peniki. Yuko wapi? Hajui. Alimpa? Hakumpa, alimwambia aweke.

Hapo tuliona kisima kinafunguka mbele yake. Mwanamke wa Kizungu, anayeweza kwenda benki mjini, ampe bawabu wa Kizaramo pesa za kumtunzia kisha apotee miaka? Hakuna mahakama ingeamini. Sajini mwenyewe, na Mungu ambariki, alimfungulia mlango wa kutokea. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, sema tu ilikuwa bakshishi. Bakshishi si kosa. Sema ni yako, uende kazini."

Baraza zima likawa linamwomba kwa macho. Dobi, mpishi, Bwana Kosta aliyekuwa anatafuna masharubu yake. Neno moja tu, na ndani ya neno hilo kuna kazi yake, jina lake, na Zuena wake.

Marijani akasema, "Siwezi kusema ni yangu, Bwana Sajini. Nikisema hivyo ndipo nitakuwa nimeiba."

Sajini akafunga macho. Askari mmoja akatoa pingu.

Wakati huo yule bwana wa mashine alikuwa amemaliza kinywaji chake, akanipa noti iliyobaki kwenye koti, nikaenda, nikarudi na chenji juu ya sinia. Wala sikupangiwa na mtu. Akanipungia mkono bila kunitazama, kama anavyofanya kila siku, na akasema, "Weka."

Ndugu zanguni, nimefanya utani mwingi katika maisha haya, mwingine umeniponza, lakini utani mmoja huu Mungu ndiye aliyeutia kinywani mwangu. Sikuondoka. Nikasimama na sinia langu, nikainamisha kichwa kwa adabu zote, nikamuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka langoni, "Niweke mpaka lini, Bwana?"

"Mpaka lini nini?" akasema. "Weka. Weka tu. Yako."

"Utakuja kuichukua lini?"

"Sitakuja kuichukua. Wewe ni mjinga? Nimekupa."

 Sajini Theonest akafungua macho. Akamgeukia yule bwana, akamwomba kwa heshima arudie neno alilomwambia mtumishi mara ya kwanza, kabla hajakasirika. Yule bwana akarudia, weka. Na alikuwa akimaanisha nini? Awe nayo, bakshishi. Na hivyo ndivyo Wazungu wanavyosema? Ndivyo wanavyosema wote. Kisha naona maana ikamwingia taratibu, kwa kuwa alimtazama Marijani, akatazama leso, akaweka glasi yake mezani bila kuilenga vizuri, ikaanguka.

Sajini akawaambia askari warudishe pingu. Akalichukua fundo, akamkabidhi Marijani mkononi. Akamwambia, "Mzee, umesikia mwenyewe. Weka ya Wazungu ni kula. Hizi ni zako tangu siku ile."

Tukasema sasa yamekwisha. Mie tayari nilikuwa nawaza bangili.

Marijani akalishika lile fundo muda mrefu. Akasema, "Nimesikia, Bwana Sajini. Lakini siku ile hakuwa anasema na Wazungu. Alikuwa anasema na mie."

Akalirudisha Temeke, chini ya sanduku. Pochi ya yule bwana ilionekana siku hiyo hiyo gereji, chini ya kiti cha gari lake. Alikuja langoni akavua kofia. Akataka kutoa kitu, mkono ukaishia mfukoni, hakujua aseme neno gani. Marijani akamfunza.

Tangu hapo ndipo ilipoanza adabu ya hoteli yetu, ambayo hoteli nyingine mjini zimeiga bila kutuambia ahsante. Bwana Kosta alipiga marufuku neno weka. Mgeni akifika langoni, kabla hajaonyeshwa chumba, Marijani humfunza mambo matatu: toa kwa mkono wa kulia, mtazame mtu usoni, na useme "Yako." Nimewaona makapteni wa meli wamesimama langoni wanarudiarudia yako, yako, kama watoto wa chuoni. Alikuwepo mmoja kutoka Kanada aliyelipenda neno mno, akadhani ni salamu. Wiki nzima alimwambia yako kila aliyekutana naye, mpaka muuza samaki mmoja akaondoka na mwavuli wake, na hakuna wa kumlaumu.

Kazi alizozifanya Marijani langoni ni nyingi na karatasi ni fupi. Aliwafunza mabawabu wa hoteli nyingine. Uwanja wa ndege ulipohamia jirani yetu hapa Kipawa na wageni wakaanza kutushukia kama mvua ya vuli, yeye ndiye aliyepanga utaratibu wa hamali, asigombane mtu na mtu juu ya sanduku. Hajawahi kuchelewa ila siku alipomzika mama yake, na siku hiyo alifika jioni.

Lakini ilipofika zamu yake ya kupumzika, miaka miwili iliyopita, alikataa. Bwana Kosta alimsihi. Shamba la baba yake Kisarawe linaota magugu, Bi Zuena amechoka na maji ya chumvi ya Temeke, magoti ya Marijani yanalia kama mlango mbovu. Akawa anasema bado, bado. Sie tulidhani anapenda kofia. Haikuwa hivyo. Kila ndege ikishuka, aliwatazama wanawake warefu wenye vichwa vyeupe. Bibi Peniki hajui Kisarawe iko wapi. Hajui hata jina la Marijani. Akirudi, pahali pekee anapopajua ni lango hili, na asipomkuta mtu aliyemwekea, basi amana imepotea, na yeye Marijani atakwenda mbele ya Mola wake na fundo la watu mkononi. Hilo ndilo lililomfunga pale, si mshahara.

Mwezi wa nne mwaka huu Bi Zuena alikuja langoni mwenyewe. Hajawahi kuja kazini kwa mumewe maisha yake yote. Alikuja na leso kifuani, ndani ya kanga, akakaa kwenye benchi la hamali. Nilikwenda kumwamkia, nikabaki, kwa hiyo yafuatayo pia nimeyasikia.

"Baba Tabu," akamwambia, "yule bibi alikuita nani?"

"Hakuliweza jina langu. Aliniita Bawabu."

"Mpaka siku ya kuondoka?"

"Mpaka siku hiyo. Weka, Bawabu."

"Basi hakumwachia Marijani," akasema Bi Zuena. "Marijani hamjui. Alimwachia bawabu wa Minazi Mirefu. Wewe ukiivua hiyo kofia, bawabu ni mwingine, na amana ni yake. Mie nimeilaza chini ya nguo zangu miaka yote hii. Nimeileta kazini kwake."

Akaiweka kwenye benchi, katikati yao.  Gari moja likapiga honi langoni, Marijani akaenda akalifungulia, akarudi, akakaa. Nimemjua mtu huyu zaidi ya miaka ishirini na sijamwona akilia, ila siku hiyo alifuta uso kwa upindo wa kanzu ule ule wa kufutia senti za mchangani. Kesho yake alikwenda ofisini kusema yuko tayari.

Bawabu mpya ni Leodegar, kijana wa Mahenge, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili. Tulimwonya kwamba anarithi kofia na mzigo. Alimuuliza Marijani, na yeye akistaafu je? Marijani akamwambia atampa atakayevaa kofia. Leodegar akasema kwao pia kitu cha mtu ni cha mtu. Leo, mbele yenu, atapokea kofia kwa mkono mmoja na leso kwa mikono miwili, na fundo litakuwa halijafunguliwa.

Kwa hiyo karatasi hii ni ya kuaga, na pia ni tangazo. Yeyote asomaye aliye hamali bandarini, mtumishi wa meli, wa reli au wa ndege, akikutana na bibi mrefu achoraye maua, ambaye sasa ni mzee, na anayewaamkia shikamoo watoto wachanga, amwambie lango ni lile lile. Amwambie alichoweka kipo. Na kama atasema hakuwa ameweka, kwamba alikuwa ametoa, basi asituambie sie. Aje amwambie bawabu mwenyewe, kwa mkono wa kulia, na neno ni lile linalofunzwa langoni: yako.

Kaka Marijani. Watumishi wote wa Minazi Mirefu, wa jikoni, wa vyumba, wa meza, wa bustani, dobi na hamali, tunakushukuru. Tuliokuwa tukiinama tulikuona umesimama, nasi tukajifunza kusimama. Mungu akufikishe Kisarawe salama, akupe mvua kwa wakati, magoti ya kupandia kilima na wajukuu wa kukuchokoza. Na usiku lala usingizi mzito, usisikilize tena magari.

Tumekuchangia bahasha, kila mtu kutoka kwenye bakshishi yake. Iko pia karatasi ya rangi ndani ya bahasha hiyo, imefunika kitu cha Bi Zuena. Ni bangili. Za zamani sonara alikwishaziyeyusha, nilikwenda mwenyewe kuuliza. Hizi ni mpya, ila fedha ni fedha.

Utapewa kwa mkono wa kulia, nami ndiye nitakayetoa, kwa hiyo naandika hapa mapema neno nitakalosema, ili wote wapate kuwa mashahidi. Bangili, shemeji, ni za kuvaa. Na bahasha, kaka, hatukuambii weka. Ni yako. Kula.

Nassibu, mkuu wa meza, kwa niaba ya wote